PUMZI YA MOTOKAA
Jinsi ya Kuchagua Snokeli na Chujio la Hewa kwa Magari ya Njia Mbaya

Motokaa, kama mnyama, haiendi bila ya pumzi. Wenye magari wengi hukumbuka petroli, hukumbuka oili na maji ya rejeta, lakini huisahau hewa, kwa sababu hewa hainunuliwi wala haionekani. Hata hivyo hesabu yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ili kuunguza lita moja ya petroli, injini huvuta karibu lita 9,000 za hewa, yaani hewa ya kujaza madebe 500. Pikapu inayotumia lita 10 kwa mwendo wa kilometa 100 huwa imevuta madebe 5,000 ya hewa katika safari hiyo moja. Hewa yote hiyo hupita katika mlango mmoja, na chochote kilichochanganyika nayo, kiwe vumbi au kiwe maji, hutaka kuingia pamoja nayo.

Katika Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Wakati wa kiangazi, njia za Kajiado na Amboseli, na zile za kutoka Marsabit kwenda Loiyangalani, hutimka vumbi jembamba kama unga. Mvua zikifika, udongo mweusi huwa utelezi na matope, na laga za kaskazini, ambazo jana zilikuwa mchanga mkavu, huweza kujaa maji kwa muda mfupi sana. Ndiyo sababu magari mengi ya njia mbaya huonekana yakiwa na bomba nene lililopanda kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Bomba hilo madereva huliita snokeli. Wengine wamelinunua kwa haja, wengine kwa urembo, na wengine kwa kuamini kwamba litawavusha mto wowote. Imani hii ya tatu ni ya hatari, nayo imefanya iwe lazima kueleza vizuri kazi ya bomba hilo, na kazi ya chujio la hewa lililo nyuma yake.

MAADUI WAWILI WA INJINI

Adui wa kwanza ni vumbi. Vumbi la barabarani lina chembe nyingi za jiwe gumu lile lile lililo katika mchanga mweupe, na jiwe hilo ni gumu kuliko chuma cha sehemu nyingi za injini. Chembe kubwa si zenye madhara makubwa, maana hizo huzuiliwa kwa urahisi. Zinazodhuru zaidi ni zile ndogo zisizoonekana kwa jicho, ambazo unene wake hauzidi sehemu moja katika sehemu kadhaa za unene wa unywele. Ndani ya silinda, kati ya ringi za pistoni na ukuta, kuna utando mwembamba sana wa oili. Chembe iliyo nene kidogo kuliko utando huo hukwaruza pande zote mbili kama msasa, kisha huchukuliwa na oili ikaenda kukwaruza mahali pengine.

Ubaya wa adui huyu ni kwamba hana haraka. Gari haliharibiki siku ile vumbi lilipoingia. Baada ya miezi kadhaa mwenye gari huona kwamba oili inapungua, moshi wa buluu unatoka nyuma, injini ni nzito kuwaka asubuhi, na mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya tatu sasa wapandwa kwa gia ya pili. Hapo husema kwamba gari limezeeka. Mara nyingi gari halikuzeeka, limekula vumbi.

Adui wa pili ni maji, naye hufanya kazi yake mara moja. Kila mtu aliyewahi kutia pampu baiskeli anajua kwamba hewa hubanika. Maji hayabaniki. Pistoni inapopanda na kukuta maji juu yake, haina pa kuyasukuma. Injini husimama ghafula, na mkono wa pistoni, ambao mafundi huuita konrodi, hupinda au huvunjika na pengine kutoboa ubavu wa injini.

Maji yanayotosha kuleta hasara hiyo ni machache sana. Chukua injini ya dizeli ya silinda nne yenye ujazo wa lita 2.4. Kila silinda ina ujazo wa sentimeta 600. Ikiwa injini hiyo hubana hewa mara 18, basi pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama sentimeta 35 tu za ujazo, yaani vijiko vikubwa viwili na kidogo zaidi. Maji yakizidi kipimo hicho ndani ya silinda moja, injini imekwisha. Injini za petroli hazibani hewa kwa nguvu kama za dizeli, kwa hiyo nafasi yake ni kubwa kidogo, lakini hata huko kikombe kidogo cha maji chatosha.

ASILI YA SNOKELI NA KAZI YAKE

Neno hili limetoka kwa Wajerumani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, wanamaji wa Uholanzi walikuwa wametengeneza bomba la kuiwezesha nyambizi kuvuta hewa kwa ajili ya injini zake za dizeli bila kutokeza juu ya maji. Mwaka 1940 Wajerumani waliiteka nchi ya Uholanzi, wakalipata bomba hilo, na baadaye wakalitia katika nyambizi zao. Katika vita hivyo hivyo, majeshi yaliyoshuka pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944 yalikuwa na magari yaliyozibwa yasiingie maji na kuwekewa mabomba marefu ya kupumulia, ili yaweze kutoka melini na kufika nchi kavu.

Katika Afrika Mashariki, mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, na ambayo baadaye yalijulikana ulimwenguni kote kwa jina la Safari Rally, yaliwafundisha waendeshaji wengi taabu ya vumbi na mito. Katika miaka ya 1990 magari ya timu kubwa, kama vile Toyota na Subaru, yalionekana katika njia za Safari yakiwa na snokeli kando ya kioo.

Kazi ya snokeli ni moja tu: kuuhamisha mlango wa hewa. Katika magari mengi mlango huo huwa ndani ya mudigadi au nyuma ya taa ya mbele, karibu na gurudumu. Hapo ndipo vumbi lilipo jingi, na hapo ndipo maji yanaporuka. Snokeli huupandisha mlango mpaka usawa wa paa, mahali ambapo vumbi ni haba na maji hayafiki upesi. Haisafishi hewa, wala haiongezi nguvu za injini kwa kiasi cha kuonekana. Wala haiyazuii maji kuingia mahali pengine popote katika gari.

KUCHAGUA SNOKELI

Jambo la kwanza la kutazama ni kwamba snokeli iwe imetengenezwa kwa aina ile ile ya gari na mwaka wake. Magari mengine huvutia hewa upande wa kulia na mengine upande wa kushoto, na mudigadi zake hazifanani. Bomba linalolazimishwa kukaa mahali pasipo pake huacha nyufa, na ufa mmoja waondoa faida yote.

La pili ni upana. Tundu la snokeli lisiwe jembamba kuliko tundu la asili lililotoka kiwandani. Injini ya dizeli ya lita 2.5, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huvuta lita 3,750 za hewa kila dakika hata bila ya turbo. Ikipewa bomba jembamba itahema kama mtu apandaye mlima huku amefungwa pua.

La tatu ni kitu kilichotumika kuitengeneza. Plastiki nzuri iliyochanganywa na dawa ya kuzuia ukali wa jua hudumu miaka mingi. Plastiki duni hupauka, ikakauka, na mwishowe ikapasuka, hasa mahali paliposhikwa na misumari ya parafujo. Snokeli ya chuma ni imara na hustahimili miiba na matawi, lakini hapana budi maungo yake yawe yameungwa sawasawa na kupakwa rangi ndani na nje, maana kutu ikianza ndani huanguka ndani ya chujio.

La nne, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kuziba. Snokeli ina maungo: ungo la kichwa na bomba, la bomba na ubavu wa gari, na la bomba na kasha la chujio. Kila ungo lazima lizibwe kwa mpira au gundi inayofaa na kukazwa kwa klipu. Tena makasha mengi ya chujio yana tundu dogo chini la kutolea maji. Tundu hilo lisipowekewa vali ya mpira iliyo nzima, gari likiingia majini litavuta maji kutoka chini, ijapokuwa bomba liko juu ya paa. Snokeli nyingi zinazouzwa kwa bei rahisi hufungwa kwa parafujo tu bila ya kuzibwa. Hizo ni mapambo.

Kuna jaribio rahisi la kujua ukweli. Gari liwashwe, liachwe liungurume polepole bila ya kukanyagwa mafuta, kisha mtu azibe mdomo wa snokeli kwa kipande cha ubao laini au mpira bapa. Asitumie kiganja cha mkono, wala asijaribu jambo hili injini ikiwa na mbio. Ikiwa injini yazima au yasongwa, hewa yote yapita katika snokeli, na kazi ya fundi ni njema. Ikiwa yaendelea kuunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, basi inavuta hewa mahali pengine, na mahali hapo ndipo maji yatakapopita. Jaribio hili lifanywe gereji, kabla ya malipo kutolewa.

KICHWA CHA SNOKELI

Vichwa viko vya namna mbili. Cha kwanza ni kile kilicho wazi kama kinywa kinachotazama mbele. Hiki hupokea hewa kwa wingi gari likiwa katika mwendo, na kikitengenezwa vizuri huwa na mianya midogo nyuma ya kutolea matone ya mvua. Kwa gari linalotembea mbele ya mengine, au peke yake, chafaa sana. Gari likifuata malori katika vumbi, dereva aweza kukigeuza kitazame nyuma ili kisimeze vumbi linalomjia usoni.

Cha pili ni kichwa cha mviringo chenye mapezi ndani yake. Mapezi hayo huizungusha hewa kwa kasi, na chembe nzito hutupwa pembeni zikaangukia katika bakuli au zikatolewa nje. Kichwa hiki hulipunguzia chujio mzigo mkubwa, nacho ni kizuri kwa magari yanayofuatana, kwa matrekta, na kwa malori ya machimbo ya mawe. Lakini kina kasoro zake. Huzuia hewa kidogo injini inapokwenda kwa nguvu, bakuli lake lataka kumwagwa kila linapojaa mpaka alama yake, na chembe nyembamba kabisa, zile zenye madhara, huponyoka. Kwa hiyo hakiwezi kushika mahali pa chujio.

KUCHAGUA CHUJIO

Mtu mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu, na anunue chujio jema kabla ya snokeli. Chujio ndilo lango la mwisho; kinachopita hapo kimeingia mwilini.

Chujio la karatasi ndilo linalotumika zaidi. Likiwa la kiwanda chema hukamata zaidi ya sehemu 99 katika kila sehemu 100 za vumbi kwa uzito. Mtu asidanganyike kwamba chujio la sehemu 97 ni karibu sawa. La kwanza hupitisha sehemu 1, la pili hupitisha sehemu 3; basi injini ya pili inakula vumbi mara tatu zaidi.

Chujio la kitambaa cha pamba chenye mafuta husifiwa kwa kuwa laweza kuoshwa na kutumiwa tena, na kwa kuwa hupitisha hewa kwa wepesi. Lakini wepesi huo mara nyingi hupatikana kwa kuachia vumbi jembamba lipite. Tena likitiwa mafuta kupita kiasi, mafuta hayo huruka yakachafua kipimo cha umeme kinachopima hewa katika magari ya siku hizi. Kwa mashindano ya mwendo mfupi lina kazi yake. Kwa gari linaloshinda katika vumbi la Turkana au Kajiado, karatasi ni salama zaidi.

Chujio la sponji lenye mafuta huweza kubeba vumbi jingi kabla ya kuziba, nalo hufaa pale mwenyewe yu tayari kuliosha na kulitia mafuta kwa kipimo kila mara. Akilikausha na kusahau mafuta, halizuii kitu.

Magari ya zamani, kama zile Land Rover za kwanza, na matrekta kama Massey Ferguson 135, yalikuwa na chujio la bakuli la oili. Mengi yangali yanalima mpaka leo. Chujio hili halina karatasi ya kununuliwa, lakini lataka mkono mwaminifu. Wakati wa vumbi litazamwe kila siku. Oili ikiwa nzito kwa matope imwagwe, bakuli lisafishwe, na oili mpya itiwe mpaka alama, isizidi hapo. Ikizidi, injini huweza kuivuta na kuiunguza, na injini ya dizeli ikianza kuunguza oili yake yenyewe huweza kwenda mbio isizimike kwa ufunguo.

Malori na matrekta mengi yana machujio mawili, moja ndani ya jingine. La nje ndilo la kazi. La ndani ni la ulinzi iwapo la nje litatoboka. La ndani halisafishwi kamwe. Likichafuka, hiyo ni ishara kwamba la nje limepasuka au halikufungwa sawasawa.

Mnunuzi na atazame mambo matatu dukani. Mikunjo ya karatasi iwe mingi, iliyonyoka na yenye nafasi sawa. Gundi ishike pande zote bila ya mwanya. Mpira wa ukingoni uwe laini unaorudi ukibonyezwa, usiwe mgumu kama ukuni. Machujio ya bandia yamejaa masokoni yakiwa katika maboksi mazuri, na mara nyingi ubaya wake huonekana katika mpira huo.

DESTURI MBAYA ZA KUSAFISHA

Iko desturi ya kulitoa chujio kila kituo cha petroli, kuligonga juu ya tairi, na kulipuliza kwa upepo mkali wa kompresa. Desturi hii huua injini nyingi kwa nia njema. Kugonga hupinda ukingo, na upepo mkali hutoboa karatasi matundu yasiyoonekana. Tena kila mara kasha linapofunguliwa, vumbi lililo ukingoni huweza kuangukia upande safi.

Ajabu ni kwamba chujio lenye vumbi kidogo hukamata vizuri kuliko lililo jipya, kwa sababu vumbi lililotangulia husaidia kulizuia linalofuata. Basi libadilishwe kwa wakati wake, si kwa wasiwasi. Makasha mengine yana kidude kinachogeuka rangi nyekundu chujio linapoziba, kifuatwe hicho. Ikiwa mtu yuko mbali na duka na hana budi kulipuliza, apulize kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo usiozidi ratli 30 kwa inchi ya mraba, na mdomo wa bomba uwe mbali na karatasi. Kisha atie taa ndani ya chujio mahali penye giza. Akiona nukta ya mwanga, chujio hilo ni la kutupwa.

Mwisho, apitishe kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo kati ya chujio na injini. Kitambaa kikitoka na vumbi, kuna njia ya panya, na haitasaidia kununua chujio jingine kabla ya kuiziba njia hiyo.

MTO HAUTAZAMI SNOKELI

Yafaa sasa kurudi katika ile imani ya hatari. Kila gari lina kina cha maji kilichotajwa na kiwanda chake. Kwa Toyota Hilux na Toyota Land Cruiser za jamii ya 70 kina hicho ni sentimeta 70. Kwa Ford Ranger ni sentimeta 80. Hesabu hiyo ni ya maji yaliyotulia, na kufunga snokeli hakuibadilishi. Dereva akiona bomba lake liko juu ya paa, asiseme kwamba anaweza kuzama mpaka paani.

Sababu ni kwamba gari huelea kabla ya injini kukosa pumzi. Sakafu ya pikapu au gari la familia yaweza kuwa na eneo la mita 7 za mraba. Milango ikiwa imefungwa, kila sentimeta 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu huliondolea gari karibu kilo 700 za uzito wake. Gari la tani mbili likizungukwa na maji ya sentimeta 30 juu ya sakafu limekaribia kuwa mtumbwi, na magurudumu yake hayana pa kushika. Maji yakiwa yanakwenda, hali ni mbaya zaidi, maana mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huonya kwamba maji yaendayo kwa kasi yenye kina cha sentimeta 30 huweza kulichukua gari dogo, na sentimeta 60 huyachukua magari mengi, pamoja na pikapu.

Kenya imekwisha ona msiba wa namna hii. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Kaunti ya Kitui, basi lililobeba watu waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuvuka daraja la mto Enziu lililofunikwa na mafuriko. Lilitoka kando ya daraja likazama, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Hakuna bomba wala chujio ambalo lingeweza kuyazuia maji hayo.

Kanuni ya wazee wa njia ni njema: maji ambayo mtu mzima hawezi kuyavuka kwa miguu, yasivukwe kwa gari. Katika laga za kaskazini maji mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Kungoja chini ya mti ni hasara ya nusu siku tu.

GARI LIKIZIMIKA MAJINI

Ikiwa gari limezimika ndani ya maji, dereva asilijaribu kuliwasha tena, hata mara moja. Maji yakipanda, watu watoke kwanza, na gari liachwe. Likisha vutwa nje, fundi afungue kasha la chujio. Chujio likiwa limelowa, plagi zitolewe, au kwa dizeli vitolewe vidude vya kupasha moto au nozeli, kisha injini izungushwe kwa mkono ili maji yatoke katika matundu. Oili itazamwe, ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, imeingiliwa na maji na lazima imwagwe yote.

Difu na giaboksi nazo zisisahauliwe. Vitu hivi vina vitundu vya kupumulia. Difu iliyopata moto barabarani ikiingia ghafula katika maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuyavuta maji. Mpira mwembamba ulioungwa katika kitundu hicho na kupandishwa juu ndani ya boneti huzuia hasara hiyo kwa gharama ndogo sana. Mtu aliyefunga snokeli bila ya kupandisha mipira hiyo amefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

NANI ANUNUE NINI

Mwenye gari la mjini ambalo huenda shamba mara mbili kwa mwaka hahitaji snokeli. Atie chujio jema, alibadilishe kwa wakati, na fedha zilizobaki azitie katika tairi na breki.

Mwenye pikapu ya kubeba mbuzi au mboga katika njia za vumbi, anayefuata malori kila siku, atapata faida ya snokeli yenye kichwa cha kuzungusha vumbi. Faida yake ni kwa sababu ya vumbi la miezi tisa, si kwa mto wa siku moja.

Gari la wagonjwa, la shule au la ushirika linalopita njia za maji katika Tana River au Garissa, lastahili snokeli iliyozibwa kikamilifu na kujaribiwa, pamoja na mipira ya kupumulia ya difu, na dereva aliyefundishwa kukataa maji yaliyozidi kipimo. Kwa gari la namna hiyo, kamati inayolisimamia na iandike kipimo hicho cha kina mahali ambapo dereva atakiona, ili abiria mwenye haraka asije akamshurutisha.

Mwenye trekta la zamani asinunue kitu. Bakuli lake la oili, likisafishwa kwa uaminifu, latosha.

Chujio ni kitu cha bei ndogo, na kutengeneza injini upya ni kazi inayoweza kummalizia mtu akiba ya miaka. Na uhai hauna duka unakouzwa. Mwenye gari na ahakikishe kwamba hewa ya injini yake ni safi na kikavu kila siku ya mwaka. Na siku mto utakapofurika, asimame ukingoni pamoja na wengine, mwenye snokeli na asiye nayo, mpaka maji yapungue.